Hatua Niliyowafundisha

Chekeni mkitaka, mimi bado nalia. Nilicheza baleti Ubelgiji miaka ishirini, hadi goti la kushoto lilipokataa. Sasa nafundisha watoto hapa Busanza, na nikivaa sketi yangu ndefu najidanganya kwamba kuchechemea kwangu hakuonekani.

Jumamosi wazazi walikuja kutazama. Muziki ulipoanza, watoto wote wakavuka ukumbi wakichechemea mguu wa kushoto. Nikazima muziki, nikawafokea mbele ya mama zao: "Nani amewafundisha upuuzi huu?"

Keza, mdogo kuliko wote, akaanza kulia. "Mwalimu, si ni wewe? Tunafanya vile unafanyaga."

Nikawageukia wazazi. Wote walikuwa wameinamisha macho. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.