Mchawi wa Kurasa Mia Saba

Justa, ambaye wateja humwita Mama Boaz, anauza chai kwenye maegesho ya malori pale Isaka. Dereva mmoja, Salmini, alimwachia riwaya ya kutisha yenye kurasa mia saba, akacheka: "Hufiki hata nusu." Justa aliimaliza kwa wiki tatu, kurasa zimejaa unga wa chapati.

Salmini aliporudi akamuuliza, "Vipi, ulilala kweli?"

"Nililala fofofo. Kutisha mwandishi anajua, sikatai. Ile sehemu ya pangoni ilinifanya niunguze chapati. Lakini mchawi wake ni nani? Bibi kizee mwenye macho mekundu! Mwishoni wanamchoma moto, na mwandishi anataka nishangilie. Sishangilii ng'o!"

"Si ni hadithi tu, Mama Boaz?"

"Hadithi? Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, sababu ya macho mekundu hayo hayo." Akageukia jikoni. "Mama! Njoo, kuna mgeni."

Akatoka mama yake Justa, bibi mwembamba, macho mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa kupikia kwa kuni na samadi kavu. Salmini akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nikuwekee sukari vijiko vingapi?"

Justa akamrudishia kitabu. "Umemsikia mchawi? Haya, mjibu."