Jini wa Mama Mdogo

Kaka yangu ndiye aliyeuleta ule mchezo kambini. Tulikuwa Mombasa wakati huo, tumekimbia vita Kismayo, tukapita Chula, Ras Kamboni, hadi Kiunga, na sasa kazi yetu kubwa ilikuwa kungoja. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuota ndevu, akizichana kila asubuhi kana kwamba ni nyingi. Kijana mmoja Mzungu aliyekuja kujitolea alimfundisha: mmoja husimulia hadithi, wengine kila mtu hujifanya mhusika ndani yake, na penye jambo gumu hurushwa dadu. Dadu yetu ilikuwa ya ludo.

Mimi nilichagua kuwa mwizi mwenye punda. Mama mdogo alikataa katakata kuwa mchawi.

"Astaghfirullah! Nimekimbia risasi nije kufa kafiri?"

Kaka akambadilishia. Basi akawa mwanachuoni mwenye elimu ya kufunga majini, na jioni ileile akamfunga mmoja, mkubwa kama msikiti, kwa mnyororo wa fedha. Kaka alieleza masharti kwa sauti nzito aliyojitungia. Kila ukimwamrisha, unarusha dadu. Ikija moja, mnyororo unakatika. Tena jini hufuata maneno yako, hafuati nia yako.

"Mwambie atuletee maji," nikasema, maana katika hadithi tulikuwa jangwani.

Mama mdogo akaamrisha, akarusha dadu, ikaja nne. Kaka akatabasamu. Jini akaleta bahari nzima, na punda wangu akazama.

Kuanzia hapo ilikuwa vita vya maneno. Mama mdogo alikuwa ameuza samaki sokoni Kismayo, na hakuna mteja aliyewahi kumchezea. Alimwamrisha jini kama anayeandikisha hati ya nyumba: maji matamu, ya kunywa, yaliyomo ndani ya mtungi, mtungi usiovuja, uwekwe chini polepole, mbali na punda. Kaka alikuna kichwa akitafuta mwanya. Majirani walianza kuja kusikiliza, na mama yangu, aliyedai mchezo ni upuuzi, alihamishia upishi wake karibu na mkeka.

Siku moja dadu ikaangukia moja.

Kaka aliruka kwa furaha. "Mnyororo umekatika! Jini amesimama mbele yako, macho moto mtupu. Unafanya nini?"

"Nampa chai."

"Huwezi kumpa chai. Pigana, au mfunge tena."

"Mchu," akasema, yaani mtu kwa lahaja yetu, "amefungwa siku zote hizi, hajapewa hata kikombe. Nampa chai, yenye iliki." Kisha akamgeukia kaka kana kwamba jini ndiye aliyekaa pale. "Sasa uko huru. Utakwenda wapi? Kwenu ni wapi?"

Ilimpasa kaka ajibu kwa sauti ya jini. Akafungua mdomo, ile sauti nzito ikamkimbia.

"Kwetu kumechomwa," akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Mama aliacha kukoroga chungu. Kaka akawa anaitazama dadu, masikio yamemwiva.

"Basi kaa na sisi," mama mdogo akasema. "Lakini hapa hatuna watu wa kukaa bure. Utapanga foleni ya maji kama wenzako."

Kaka alilalamika kwamba ameharibu mchezo, kwamba jini asiye na mnyororo hana maana. Mama mdogo hakujali. Toka siku ile hakumwamrisha jini tena. Alimwomba, na alipokataa alimnunia mpaka akakubali. Mnyororo wa fedha aliuuza kwenye hadithi hiyohiyo, akanunua mbuzi.

Tulicheza hivyo mpaka kambi ilipofungwa tukatawanyika. Mama mdogo sasa yuko Ulaya, kwenye baridi, na kaka, mwenye ndevu za kweli, humpigia simu kila Ijumaa. Baada ya salamu wanaanza kubishana. Kaka anasema ile dadu ya moja ilianguka nje ya mkeka, haikuhesabika. Mama mdogo anamwambia anyamaze, jini amelala.