Mjomba na Filamu ya Nyuki

Kwa miaka ishirini, mjomba wangu aliendesha mashine katika jumba la sinema. Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kutisha, ya nyuki wanaouvamia mji mzima. Aliijua kama kiganja chake, wala hakujisumbua kuitazama tena. Watu wakianza kupiga kelele, yeye kule kichumbani huongeza sauti ili waogope zaidi, kisha hucheka peke yake.

Mama yangu, dada yake, alimwonya: "Kaka, dari ya jumba lenu inavuma. Mna nyuki mle."

"Nyuki wangu wako kwenye filamu," mjomba akasema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi moja mchana alituingiza bure, mimi na mama, tukakaa safu ya mbele. Nyuki wa filamu walikuwa hawajatokea bado watu walipoanza kupiga kelele. Mjomba alikuwa ameupa ukumbi mgongo, anakula mkate wake. Akaongeza sauti. Dari ikatetemeka, nyuki wakazidi kumwagika juu yetu. Kelele zikapanda, naye akaongeza tena, hadi mwisho.

Siku hizi anaishi kwangu, maana hana pengine. Redio haiwashwi. Nampa chakula, simpi maneno. Jana aliniuliza tena, kama mtoto: "Mama yako aliniita?"

Nilimsogezea sahani. Mama alinilalia anikinge, mdomo wake sikioni mwangu. Alimwita mpaka sauti ikamkauka.