Halbadiri ya Azan wa Kiegeani

Masika sitini na sita yamekwisha kumpitia Suleimani bin Shaibu, na zaidi ya arubaini katika hayo yamemkuta na sindano ya mbao mkononi, akifuma nyavu kibarazani pake Kiegeani. Ameona minazi aliyoipanda mwenyewe ikizaa, ikizeeka na kukatwa. Amezika wazazi wawili na ndugu watatu, ameozesha mabinti wanne, na amewasomesha Kurani watoto ambao leo wanamletea wajukuu zao kusoma. Watu humwita Maalim. Katika muda huo wote, jirani zake walimjua kuwa mtu wa sauti ya chini, asiyegombana hata na mbuzi aliyekula mchicha wake. Kwa hiyo, Alhamisi ile alasiri waliposikia akipiga kelele uwanjani, walitoka majumbani wakidhani pana msiba.

Lazima kwanza nieleze ni kipi kilichomfungamanisha mzee wa nyavu na uwanja wa mpira wa kikapu. Miaka kumi na minne iliyopita kiwanja kiliposakafiwa kando ya shule, pete mbili za chuma zilitundikwa bila nyavu. Kila mchezo ukawa ugomvi: huyu anaapa mpira umepita ndani, yule anaapa umepita nje. Wazee wakamwendea Suleimani, naye akafuma nyavu mbili kwa uzi mnene wa kuvulia, macho ya nyavu mapana, mdomo wa chini mwembamba. Tangu siku hiyo ugomvi ulikwisha. Jua na chumvi huzila nyavu hizo, na kila mwaka baada ya Idi yeye hupanda ngazi, akazifungua za zamani na kuzifunga mpya. Hajapata kuushika mpira ule hata mara moja. Lakini aliupenda mchezo kwa sikio, kwa ule mfyato laini wa mpira unaopita katikati ya uzi alioufunga kwa vidole vyake.

Na hakuna aliyeutoa mfyato ule kama Azan.

Azan ni mtoto wa Zubeda. Baba yake alisafiri kwenda Maskati mtoto akiwa na miaka sita, akasema atarudi baada ya Hija, na Hija zimepita kumi na saba. Suleimani ndiye aliyemsomesha juzuu za mwanzo, akamfundisha kufuma, akamkataza uvivu. Mtoto akarefuka mpaka ikambidi ainame mlangoni. Timu ya kijiji, Potwe, iliyopewa jina la yule samaki mkubwa kuliko wote, ikawa potwe kweli kwa sababu yake. Mwaka juzi ilifika fainali ya mkoa, mwaka jana ikafika tena, na mara zote mbili ilifungwa na timu moja ya mjini iitwayo Dhoruba. Hapo Kiegeani jina la Dhoruba halikutajwa bila kutema mate.

Basi Alhamisi hiyo kijana mmoja aitwaye Jumanne, dereva wa bodaboda na kinara wa mashabiki, alifunga breki mbele ya kibaraza cha Suleimani hata vumbi likaingia kwenye birika la kahawa.

"Maalim, umeona?"

"Shikamoo kwanza, ewe kijana."

"Shikamoo. Umeona?" Akamnyoshea simu. Katika picha alikuwa Azan, akitabasamu, ameshika jezi ya kijivu ya Dhoruba yenye nambari saba mgongoni.

Suleimani aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akainuka bila kuvaa viatu, akachukua ngazi na kisu cha kukatia uzi, akaenda uwanjani. Alipanda kwenye pete ya kwanza akakata wavu, akapanda ya pili akakata. Nyavu alizozifunga majuma matatu tu yaliyopita zikaanguka sakafuni.

"Hazitafungwa tena!" alifoka juu ya ngazi. "Mmenisikia? Nilifuma kwa ajili ya watu. Sikufuma kwa ajili ya wasaliti!"

Umati ulikuwa umekwisha kukusanyika, na ghadhabu ya mzee aliyejulikana kwa upole ilikuwa kama ruhusa. Mmoja alivua jezi ya Potwe yenye jina la Azan akaikanyaga. Warda, auzaye vitumbua kila siku ya mchezo, aliweka beseni lake chini akashika kiuno.

"Vitumbua vyangu amekula miaka minane! Eti sasa anakwenda kula chipsi za mjini! Miguu ile mirefu imelishwa na mchele wangu!"

"Dada Warda, ulikuwa unampa vilivyoungua," mtu akasema.

"Vilivyoungua ndivyo alivyovipenda! Nyamaza wewe, hata mpira huwezi kuudaka!"

Mwalimu Tumaini, katibu wa timu, mtu wa bara mwenye subira, alijaribu kuwaeleza. Makubaliano ya Azan na Potwe yalikuwa ya miaka miwili, akasema, nayo yalikwisha siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Mchezaji ambaye muda wake umekwisha yuko huru kwenda apendako, wala hakuvunja sharti lolote.

"Huru!" Suleimani akamgeukia. "Ng'ombe aliyekata kamba naye yuko huru, Mwalimu. Sijamuuliza sharti la karatasi. Nauliza, alimuaga nani? Alipita mlango wa nani akasema, wazee wangu, nipeni radhi, nasafiri? Juzi ameondoka na boti ya alfajiri kama mtu aliyeiba kuku!"

Hapo ndipo ulipokuwa mwiba wenyewe. Kisiwani kwetu mtu hasafiri, hata akienda Dar es Salaam siku tatu, bila kupita kwa wakubwa zake kuaga. Azan hakupita. Mara tatu alikwisha kupiga simu tangu afike huko, na mara tatu Mwanaharusi, mkewe Suleimani, alimpelekea mumewe simu inayolia, naye akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka. Alikuwa hataki kuitikia shikamoo yake.

Jumanne akasema maneno ambayo kila mmoja alikuwa akiyazunguka: "Maalim, tumsomee halbadiri."

Msomaji asiyeijua na aelewe kwamba halbadiri ni kisomo kinachosomwa na watu waliodhulumiwa, kwa kuyataja majina ya waliopigana Badri, ili Mwenyezi Mungu awalipie haki yao. Watu wa pwani huiogopa kuliko mahakama. Anayesomewa hutajwa kwa jina la mama yake. Nao husema kwamba wadai wakiwa hawana haki, kisomo huwarudia wenyewe. Mimi niandikaye nasikitika kila niionapo ikifanywa fimbo ya hasira, sembuse hasira ya mchezo. Lakini Kiegeani haisomwi bila Suleimani kuongoza, kwani yeye ndiye ayajuaye majina yale yote kwa moyo, kama babaye kabla yake. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa mikononi mwake: aseme ndiyo, kijana akasomewe, aseme hapana, watu watawanyike.

"Jumamosi," alisema, "baada ya alasiri."

Usiku wa Ijumaa Mwanaharusi alimuuliza swali moja tu. "Ukimsomea mtoto uliyemfundisha Alhamdu, siku akipatwa utaweza kula?"

"Yeye ameweza kula huko aliko," alijibu, akageukia ukutani.

Jumamosi baraza ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Ubani ulifukizwa. Msahafu ukawekwa juu ya marufaa. Suleimani alikaa kitako, kanzu safi, uso umekaza. Kabla ya kuanza akasema, kama desturi itakavyo, "Semeni dai. Mmedhulumiwa nini?"

"Ametuacha," Jumanne akasema.

"Hilo si dai. Si mtumwa wako. Sema dai."

"Ametuaibisha mbele ya jirani zetu wa Baleni. Jana wamenipigia honi njia nzima!"

"Hilo nalo ni dai?"

"Ametia dharau, Maalim. Wewe mwenyewe ulisema. Hakuaga."

"Naam," Suleimani akasema polepole. "Hakuaga. Hilo ni langu mimi, nami nalidai." Akavuta pumzi. "Anayesomewa ni Azan, mwana wa—"

"Zubeda," sauti ya kike ikamalizia kutoka nje.

Watu walipisha. Zubeda aliingia na kanga ya kazini ingali na chumvi ya mwani, akakaa chini mbele ya msahafu, uso kwa uso na Suleimani.

"Litaje vizuri, Maalim. Zubeda binti Sabri. Nisije nikapatwa nusu nusu."

"Zubeda, ondoka. Hapa si mahali pako."

"Jina langu linaposomwa ndipo mahali pangu." Sauti yake haikupanda, na kwa hivyo ilitisha zaidi. "Mimi nimeachwa mara mbili, kwanza na baba, kisha na mwana. Mbona sikuja kwako kutaka kisomo? Na ninyi mlioachwa na mchezaji mmewasha ubani! Jumanne, mwanangu alilala kitandani miezi minne mwaka jana. Ulikuja mara ngapi?"

Jumanne akatazama mkeka.

"Nakuuliza. Pikipiki yako haijui njia ya kwangu? Siku ya mchezo ilijua, ulimbeba mpaka uwanjani ukipiga honi! Warda, ulileta kitumbua kimoja? Hata kilichoungua?"

"Bi Zubeda, mimi sikujua kama..." Warda alianza, akaacha.

"Mlijua. Kijiji kizima kilijua. Aliyemtazama mguu ule ni daktari wa hao mnaowatemea mate. Na wewe, Maalim." Adabu ilimzuia, kisha hasira ikaishinda adabu. "Siku ya fainali kifundo kilikuwa kimevimba kama nazi changa. Alikujia wewe. Hakumjia mwalimu wa timu, wala hakunijia mimi niliyemzaa. Alikuuliza acheze au asicheze. Ulimwambia nini?"

Suleimani akausogeza msahafu kidogo juu ya marufaa.

"Waambie watu. Unawauliza wao dai, nami nakuuliza wewe."

Ubani uliendelea kupanda. Mzee aliitazama mikono yake, na katika mikono hiyo aliuona mguu ule tena, vitambaa alivyoufunga mwenyewe kwa fundo la wavu, kaza, kaza tena, na kijana akiuma meno.

"Nilimwambia, cheza," akasema. "Nilimwambia, kijiji kinakutazama."

"Akacheza. Akavunjika." Zubeda akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Sasa unataka kujua kwa nini hakuaga? Mimi ndiye niliyemfungia begi, nami nilimwambia apite kwako. Akaniambia, mama, nikipita Maalim ataniambia baki, na mimi sijui kumwambia Maalim la. Basi nikamwambia nenda. Kama kuna wa kusomewa, nisomee mimi. Soma!"

Suleimani alijua vyema, kuliko wote waliokuwamo, kisomo kile humrudia nani. Lakini haikuwa hofu iliyomzuia kusoma. Ilikuwa aibu, na chini ya aibu hasira ileile, sasa imegeuka uso na kumtazama yeye.

Akaufunga msahafu, akaubusu, akaushika kifuani.

"Hapana kisomo," akasema.

"Maalim!" Jumanne akainuka nusu. "Tumwache hivihivi? Watu wa Dhoruba wacheke?"

"Wacheke! Wana haki ya kucheka! Wamemtibu mtoto wetu, sisi tumemkanyagia jezi! Toka, Jumanne. Tokeni nyote. Majina ya watu watukufu nilitaka kuyatia katika mpira, astaghfirullah, mbele ya mama yake! Zima ubani huo!"

Walitoka wakinung'unika, na wengine wananung'unika mpaka leo. Jezi iliyokanyagwa aliiokota Warda, akaifua, akaianika uani kwake mahali ambapo wapita njia wangeiona, na aliyemuuliza alitukanwa.

Jumatatu asubuhi simu ililia mara ya nne. Suleimani alikuwa uwanjani, juu ya ngazi, akifunga nyavu mpya, kwani timu ya wasichana ilikuwa na mchezo jioni na ugomvi wa ndani au nje ulikuwa umekwisha kuanza upya. Mwanaharusi alisimama chini akimnyoshea simu, asiseme neno. Akateremka vidato viwili akaipokea.

"Shikamoo, Maalim," sauti ikasema, nyembamba kwa umbali.

Aliitazama simu hata Mwanaharusi akadhani ataikata.

"Marahaba," akasema mwishowe, kwa ukali. "Umeondoka kama mwizi."

"Ndiyo, Maalim."

"Umenikasirisha. Bado nimekasirika, usidhani nimepoa."

"Ndiyo, Maalim."

"Mguu?"

"Asubuhi unauma kidogo. Ukipata moto unaacha."

Suleimani alishika wavu kwa mkono uliobaki, akauvuta kuona kama mafundo yameshika. "Sikiliza. Siku ukiuma, usicheze. Wakikwambia watu wa huko cheza, usicheze. Hata nikikupigia mimi nikakwambia cheza, niambie la. Umesikia? Sema nikusikie."

Azan akakohoa kidogo.

"Sema, mjinga wewe!"

"La, Maalim," Azan akasema.

"Basi. Radhi yangu unayo. Nami unisamehe lile la mguu. Ungeipata radhi hiyo mlangoni kwangu, na kahawa juu." Akamrudishia mkewe simu bila kuaga, akapanda tena kumalizia fundo.

Ewe Mola, Mwenye kulipa haki pasi na kukosea mwenye haki, mrehemu Suleimani bin Shaibu na umsamehe lile alilolisema siku ya fainali na lile alilokaribia kulisoma. Mpe Mwanaharusi afya na mabinti zao heri. Mpe subira Zubeda binti Sabri, umrejeshee aliowapoteza katika wema. Na kijana Azan umhifadhi mguu wake na dini yake ugenini, na siku atakaporudi, afike mchana, apite mlangoni, akute waliomkasirikia wangali hai. Amin.