Kifaranga cha Mpira wa Gofu

Mimi huyu mnayeniona, mwenye diplome ya shule ya jioni na viatu vya kung'aa, kuna mji mmoja kule Wamaza ambako hadi leo nikipita watoto wanaokota vijiti vya muhogo, wanainama na kutikisa makalio, na haya inanipanda mpaka masikioni. Chekeni kwanza, kisha niwasimulie.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye depo moja Salamabila, na jirani yetu, enjeniya mgeni, kila jioni alipiga vimpira vyeupe kwenye majani nyuma ya kambi. Akanifundisha huo mchezo wao wa gofu: unapanua miguu, unazungusha fimbo ya chuma, na jambo kuu, macho chini kwenye mpira, usiinue kichwa hata nyumba yako ikiungua (mwanzoni nilipiga udongo tu, mchwa wote wa Salamabila walihama). Alipoondoka aliniachia fimbo moja na mpira mmoja, nami nikajiona bingwa wa Maniema nzima.

Basi nikapanda pikipiki kwenda ukweni Wamaza kupokea jibu la posa yangu kwa Zaina. Fimbo ningeweza kuiacha nyumbani. Nikaibeba. Ni pale shetani alipopanda nyuma yangu.

Desturi yetu mnaijua: mama mkwe humwangalii usoni, ukikutana naye njiani unajitupa kwenye majani, na jikoni kwake huingii kamwe. Nilikuwa nimekaa na wazee kwa adabu zote, macho chini, mpaka shemeji Ramazani akaiona ile fimbo.

"Shemeji, hii iko ya kuua nyoka?"

"Ni ya mchezo wa wakubwa."

"Wakubwa gani? Tuonyeshe basi, ao unaibeba bure?"

Baba mkwe mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. Ningekataaje? Pigo la kwanza likang'oa bonge la udongo, likatua kwenye kofia ya mzee mmoja.

"Mukwe wetu analima!" Ramazani akapiga kelele.

La pili nilipiga kwa hasira ya ukoo mzima. Mpira ukalia "pa!", ukagonga mpapai, ukageuka, ukaingia jikoni, na mimi nikainua kichwa, nikaukimbilia fimbo mkononi (ulikuwa mmoja tu, jamani!), sikukumbuka desturi wala ukoo mpaka nilipokuwa ndani, uso kwa uso na mama mkwe, mwiko mkononi, anakoroga sombe, yale majani ya muhogo. Akaruka. Nikaruka. Chungu kikaruka. Yeye akajifunika kitenge usoni na kutokea mlango wa nyuma, mimi nikatoka kinyumenyume, sombe kwenye nyusi, mawese yakichuruzika kwenye shati ya posa.

Baba mkwe akaniangalia sana. "Mwanangu, tulingojea mukwe, umekuja kama simba."

Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya nyumba: "Muambieni ule mutu, mupira wake umeingia mu kikapu ya kuku, kuku ameulalia pamoja na mayai. Siku utatoa kifaranga, aje achukue mutoto wangu!"

Zaina, aliyekuwa anachungulia mlangoni, aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Sikujua analia ao anacheka.

Nikarudi kwetu Kasongo bila jibu, bila mpira, bila usingizi. Siku moja sokoni nikaona vifaranga, akili ya shule ya jioni ikawaka. Nikanunua kimoja cheupe-cheupe, pamoja na kitenge na jogoo wa kuosha haya, nikakibeba ndani ya kofia mpaka Wamaza (kwa barabara ile, hata kifaranga kilisali). Safari hii nilisimama ng'ambo ya njia, mgongo umeelekea jikoni, nikamtuma Ramazani: "Mwambie mama, mpira umetotoa."

Ramazani akaingia nacho jikoni. Jasho likanitiririka mpaka soksi. Halafu kicheko, kicheko cha kuangusha mapapai!

"Kweli kimefanana na baba yake," mama mkwe akasema, "kichwa juu-juu! Muambieni alete wazee wake."

Leo Zaina ni mke wangu. Fimbo tunaangushia maparachichi, mpira bado uko kwenye kikapu, kuku wa ukweni wanauonea wivu. Na mimi, nikifika Wamaza, hata mtu akirusha dhahabu ikaingia jikoni kwa mama mkwe, itabaki hukohuko. Macho chini.