Nyota Inayokufa Juu ya Buswelu

Nakumbuka jioni moja isiyo na mwezi, mwanangu, majirani walipopanda kilima hadi kwangu Buswelu kutazama nyota inayokufa.

Nilikuwa binti bado, mwalimu wa fizikia mwenye darubini niliyoiunda mwenyewe. Kioo chake nilikisugua kwa mikono hadi viganja vikaota sugu. Nilikuwa nimewatangazia watu kwamba nitawaonyesha wingu la gesi ambalo nyota huliachia inapokaribia kufa. Wataalamu huliita nebula ya sayari, ingawa na sayari halina undugu wowote. Ni kitu hafifu sana. Mimi mwenyewe nililihangaikia msimu mzima kabla ya kuliona.

Wavuvi wa dagaa walikwisha kuwasha taa zao ziwani, maana wao nasi twapenda giza lile lile. Nikaiweka darubini nyuma ya jiwe kubwa litukinge na mwanga.

Wa kwanza kuinama alikuwa Mzee Masanja, jirani aliyeheshimika mtaani. Akatazama, akafuta jicho, akatazama tena.

"Mwalimu, humu mna giza tu."

Aliyemfuata naye hakuona kitu. Vicheko vikaanza nyuma yangu, uso ukaniwaka. Mshtarii, ile sayari kubwa, iling'aa upande wa mashariki. Yeyote angeiona na kupiga makofi. Nikaishika darubini niigeuze huko.

Shangazi yangu, mkulima wa kahawa aliyekuja kututembelea kutoka Kagera, akanizuia.

"Umetuitia nini hapa?"

"Wingu, shangazi."

"Basi tuonyeshe wingu. Kama hatujui kutazama, wewe si mwalimu? Tufundishe."

Maneno yale yaliniingia. Nikaomba tochi zizimwe, tukakaa gizani tukipiga soga mpaka macho yakazoea. Kisha nikawaeleza: msilikodolee macho, tazameni pembeni kidogo, kwani pembe ya jicho huona vitu hafifu vizuri kuliko katikati yake.

Shangazi akainama. Akatazama pembeni kidogo, kama nilivyosema.

"Yesu wangu," akanong'ona. "Kama pumzi kwenye kioo. Na ni duara!"

Mzee Masanja akarudi mbio, na alipoliona hakutaka kubanduka. Ikabidi mkewe amvute koti. Watu walishuka kilimani wakibishana nani kaliona vizuri zaidi, huku shangazi akimwambia kila mtu, hata asiyeuliza, "Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Kioo kakisugua mwenyewe." Nimeonyesha anga kwa wengi tangu hapo, lakini fahari ya jioni ile haijapata mwenzake.

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Mimi naongeza kwamba yana haraka. Kwa hiyo, mwanangu, ulichokihangaikia kikichekwa, usikibadilishe kwa king'aacho zaidi ili upigiwe makofi. Asiyekiona huenda hajaonyeshwa namna ya kutazama. Mfundishe bila kumdharau. Na kazi ya mikono yako itaje wazi, wala usiionee haya.

Mungu akupe anga safi na moyo mtulivu, akuzidishie siku, na nyumbani kwenu kusikose wa kujivunia jina lako.