Rozari ya Maziwa ya Soja

Mutanisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaolala upande, na kwa maneno niliyoyaandika vibaya. Nilisoma primeri tu, na nikiandika, mukono unabaki nyuma ya kichwa. Lakini maziwa ya soja nayajua, kwa sababu nusura yatunyang'anye mutoto.

Mutoto alikuwa wa dada yangu mukubwa, wa miezi minane. Mvua zilipoanza, homa ilimushika dada mpaka maziwa yakamukauka. Maziwa ya kopo yalikuwa yamekosekana madukani hapa Kalemie. Dada hakuweza kusimama, basi ni mimi niliyepeleka mutoto dispanseri. Mama muuguzi akanifundisha: loweka soja usiku kucha, sugua maganda yatoke, twanga, changanya na maji, chuja kwa kitambaa cheupe, kisha chemsha.

"Hapo njo watu wanakosea," alisema. "Povu litapanda haraka, utafikiri yamechemka. Povu ni la uongo. Koroga mpaka lishuke, yatokote kwa kweli, halafu uyaache motoni muda mrefu. Soja mbichi inaharibu tumbo la mutoto. Uko na saa?"

Nilitikisa kichwa.

"Na rozari?"

Hiyo nilikuwa nayo shingoni.

"Sali makumi yote matano, Salamu Maria kumi kwa kila moja, polepole. Ndipo utoe sufuria."

Siku niliyopika mara ya kwanza, mama mukwe wa dada alikuwa amefika kwa boti kutoka Zongwe. Alichungulia sufuria yangu juu ya mbabula, jiko letu la makaa.

"Maharage njo yatakuwa maziwa? Na mawe mutayakamua lini?"

Niliendelea kukoroga. Mutoto alikuwa analia mugongoni mwangu, kilio kikavu cha njaa, na yule mama alikuwa ananitazama mikono. Nilisali moyoni, Salamu Maria zikikanyagana. Baada ya kumi la tatu nilitoa sufuria, nikapoza, nikamunywesha.

Mutoto alitapika, akaharisha mpaka asubuhi.

Kulipokucha, mama mukwe alifunga nguo za mutoto ndani ya kitenge, akaweka furushi mulangoni. "Boti inarudi saa tisa. Nakwenda naye Zongwe, tutamulea na uji."

"Mama, amebaki mifupa," dada alisema kutoka kitandani. "Kule kwenu dispanseri ni mbali. Soja ingine imekwisha kulowekwa, tujaribu mara moja tu."

"Soja hiyo hiyo njo imemuharibu!"

Lawama yote iliangukia soja. Mimi peke yangu nilijua. Lakini mimi ni yule ambaye shuleni alikubali kupata sifuri kuliko kusikilizwa na darasa. Nilitazama furushi.

"Si soja, Mama," nilisema. "Ni mimi. Nilikimbiza rozari."

"Ulikimbiza nini?"

"Rozari. Ya kupima moto. Mutoto alilia, nikaruka makumi mawili."

Mama mukwe alinigeukia.

"Kumbe! Umemuibia Bikira Maria makumi mawili, ukafikiri tumbo la mutoto halijui kuhesabu?"

Dada alicheka, akakohoa.

"Haya, weka sufuria," alisema mama mukwe. "Leo utasali kwa sauti, nikusikie. Na akitapika, furushi liko pale."

Nilitwanga, nikachuja, nikawasha makala ya mbabula. Povu lilipanda mpaka mudomo wa sufuria. Nilikoroga mpaka likashuka. Yalipoanza kutokota kwa kweli, nilishika punje ya kwanza ya rozari. Sauti ilitoka kama ya kuku mugonjwa. Mutoto alianza kulia na ulimi wangu ukataka kukimbia tena.

Lakini mama mukwe alikuwa anaitikia. Aliitikia kama wanavyosali kwao Zongwe, kila neno likivutwa kama wavu uliojaa, na sikuweza kuanza Salamu nyingine kabla hajamaliza. Nilikoroga, nikamungoja. Kumi la nne alimuchukua mutoto mapajani, bila kuacha kuitikia. Makala yalikuwa yanageuka majivu. Nilitoa sufuria kwenye amina ya mwisho.

Mutoto alikunywa nusu kikombe. Alicheua mara moja, sote tukashituka. Ilikuwa hewa tu. Akalala.

Tulikaa kumutazama mpaka tukasikia mashine ya boti ikiwaka kule bandarini. Mama mukwe alikwenda mulangoni, akainama juu ya furushi. Akatoa nguo moja ya mutoto, akanitupia.

"Mubadilishe, hiyo aliyovaa imelowa. Na soja ya kesho, umeiweka wapi? Nitaosha mimi. Wewe unaacha mawe."

Sasa mutoto anatembea. Ninyi munaosoma, kama kwenu munapika maziwa haya bila saa, munapima moto kwa kitu gani? Niandikieni. Hata mwandiko ukiwa mubaya kama wangu, nitausoma polepole.